Kochi la Ukaguzi

Kwa aliyeingia leo, karibu. Kaa popote utakapopata nafasi, maana viti nyumbani kwangu ni shida, kama utakavyosikia.

Kwa ufupi: mota ya mashine yangu ya kusaga iliungua. Fundi akaitengeneza vizuri sana, kiasi kwamba ikaungua tena mbele ya macho yake. Ili nimlipe kwa kazi hiyo nzuri, niliuza viti vya sebuleni. Benki ya mjini walinikaribisha kwa maji ya chupa, wakaniomba hati ya shamba. Hati ina jina la baba mkwe, na baba mkwe yuko kaburini, hawezi kuja kuweka sahihi. Baba watoto, anayefanya kazi mbali, akatuma ujumbe: "Vumilia mke wangu, Mungu yupo."

Mungu yupo, ndiyo. Mota ndiyo haipo.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye ofisi ya mkopeshaji tunayemwita Baba Huruma. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa. Ni ofisi ya meza moja, kalenda ya mwaka juzi, na baiskeli ya buluu yenye kichanja cha kubebea mkaa imeegemezwa ukutani. Nilijiuliza mtu wa kalamu ana shughuli gani na mkaa, kisha nikasahau. Nilikuwa na shida zangu.

Alikubali kunikopesha papo hapo, kwa sharti moja dogo: nimkabidhi ufunguo wa mashine, akae nao mpaka nimalize deni.

"Sasa nitasaga vipi ili nikulipe?"

"Hilo ni swali lako, mama. Mimi ni mtu wa kusaidia tu."

Niliondoka na ufunguo wangu. Tangu siku hiyo nauvaa shingoni kwa kamba, kama hirizi.

Mavuno yamekaribia. Mwenye mashine ya ng'ambo ya barabara ameshaanza kuwasalimia wateja wangu kwa majina ya watoto wao. Muuza vyuma mmoja mjini ana mota iliyotumika, nzima kabisa, na amekubali kunishikia mpaka Ijumaa. Nikiikosa, msimu umepita, na mashine yangu itakuwa chumba cha kufugia panya.

Ikabaki njia moja: kikundi.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaitwa Tushikane. Kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wanazo wanawake watatu wasiopatana, ili wasiweze kuiba pamoja. Ukitaka mkopo, viongozi wanakuja nyumbani kwako kukagua dhamana: kitu cha kudumu, chenye thamani, ambacho kikundi kitakibeba siku ukishindwa kulipa. Kuku hawakubaliki, wanakufa. Mbuzi hawakubaliki, wanaliwa. Waume hawakubaliki, na sababu hazikutolewa.

Kitu cha kudumu kilichobaki kwangu ni cheti cha diploma ya uhasibu, kimetiwa fremu. Nilimuuliza Mhazini kama kinafaa.

"Kikundi kikikichukua, kitakipeleka wapi?"

Nikakirudisha ukutani.

Aliyeniokoa ni Mama Mapacha, fundi cherehani, jirani yangu wa ua kwa ua.

"Jirani, kwani wewe akili huna?"

"Ninayo. Iko kwenye fremu."

"Basi iache huko huko. Nenda kwa Bibi Kochi."

Bibi Kochi ni mjane anayeishi nyuma ya kisima. Marehemu mumewe alimwachia vitu viwili: kikohozi na kochi. Kochi ni la watu watatu, la mahameli mekundu, na kwa huku kwetu ni kama kuwa na ndege.

"Analikodisha," Mama Mapacha akanong'ona, ingawa tulikuwa peke yetu. "Unalipa kidogo, linakuja, unakaguliwa, linarudi. Mimi mwenyewe ndilo lililonipatia hii cherehani."

"Kwa hiyo uliwadanganya viongozi."

"Nani kadanganya? Waliuliza kama kochi lipo. Likawepo."

Nililifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu aliyesoma. Kisha nikavaa viatu nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkopo au mchumba?"

"Mchumba tena?"

"Wapo wanaolichukua wakwe wakija kuposa. Bei moja. Ila wakwe wanakaa sana, wanalibonyeza. Kamati hawakai."

"Mkopo, bibi."

"Mungu akufungulie. Usilalishe mtoto juu yake, usilikalie na nguo mbichi. Na mguu mmoja umelegea, lakini huo utaujua mwenyewe."

Kochi lilibebwa na wanaume wanne, begani, limefunikwa shuka jeupe, likapitishwa njia ya shambani ili lisionekane barabarani. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakaweka majembe chini.

"Poleni jamani," mmoja akasema. "Ni nani?"

"Ni wa upande wa mume wangu," nikajibu, nikapita nimeinamisha kichwa.

Viongozi wakaja mchana ule ule. Mwenyekiti ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha mvua. Mhazini ni mwembamba, husalimia kana kwamba salamu zinakatwa kwenye akiba yake.

"Karibuni, viongozi."

Nilitaka kukaa pembeni niwaachie wao nafasi ya katikati.

"Usikae upande huo!" Mwenyekiti akaruka. "Mguu wa nyuma huo u..." Akakohoa. "Yaani, makochi ya aina hii, mguu wa nyuma wa kushoto huwa unalegea."

"Makochi ya aina hii?"

"Ya aina hii."

Mimi mguu wenyewe nilikuwa sijaujua bado.

Mhazini akakaa. Mkono wake ukateremka pembeni ya mto, ukaingia kwenye ufa bila kuuliza njia, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Ukatoka na kitana cheusi chenye meno mawili yaliyovunjika. Akakitazama. Akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambayo haina chochote cha kutazama.

"Ni chako?" nikauliza. Mimi ni mama. Nikiona kitu kimeokotwa, lazima niulize cha nani.

"Kinafanana na kilichonipotea," akasema, akakitia mkobani.



"Kochi hili ulilinunua wapi?" Mwenyekiti akauliza, sauti yake sasa haiwezi kuamrisha hata umande.

"Nililikuta," nikasema. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Ni imara."

"Imara sana," Mhazini akaongeza. "Limebeba mengi."

Nikamimina chai, tukanywa, wanawake watatu waaminifu. Mkopo ukapita.

Jioni nilitaka kulirudisha kochi. Mama Mapacha akanizuia uani.

"Haraka ya nini? Wabebaji watakuchaji tena. Liache, bibi hana mteja wiki hii. Nitamwambia mimi."

Nikamshukuru. Nikafikiri, jirani mwema ni zaidi ya ndugu. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakutaja kwamba wakati mwingine ndicho kinachokushonea hizo nguo.

Alhamisi tukakutana kwenye darasa la shule ya msingi, watoto wakishaondoka, tumebanwa kwenye madawati yao magoti yakigusa videvu. Sanduku likafunguliwa, kufuli moja baada ya nyingine. Nikaitwa mbele, nikakabidhiwa mkopo wangu, wenzangu wakapiga makofi. Nikaufunga kwenye leso, nikausukuma kifuani. Gari la mwisho la mjini hupita barabarani saa kumi na moja. Ningelidaka, nikalala kwa dada yangu, asubuhi niwe mlangoni kwa muuza vyuma kabla hajaamka.

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya dawati.

"Kaeni," Mwenyekiti akasema. "Kuna jambo dogo. Mama Mapacha hajarejesha, awamu ya tatu hii."

Mama Mapacha akasimama, macho chini. "Viongozi, sare za shule mwaka huu wameshona mjini. Nipeni nafasi."

"Tumpe muda," Mhazini akadakia upesi mno. "Sisi ni kikundi cha huruma."

"Muda?" Sauti ilitoka dawati la nyuma. Alikuwa Muuza Mkaa, mwanamke mrefu asiyecheka bila sababu. "Mimi mwaka jana mlibeba baiskeli yangu siku ile ile. Nikamaliza deni, nikaja kuifuata, mkaniambia imeibiwa stoo ya kikundi. Mkaa nabeba kichwani hadi leo. Hilo neno muda mmelijua lini?"

Darasa zima likaunga mkono. Mwenyekiti akamtazama Mhazini, na Mhazini akajikuna kichwa kwa kitana chake kilichopatikana.

"Dhamana yake ni nini?" mtu akauliza.

"Kochi," Mwenyekiti akasema. Alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

Sasa, Tushikane ina utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Dhamana haifuatwi na viongozi peke yao. Kikundi kizima kinakwenda, kwa mguu, mchana kweupe, ili aibu igawanywe sawa. Asiyekwenda, mkopo wake unasimamishwa. Na aliyekuwa na mkopo mbichi kifuani siku hiyo alikuwa mmoja tu.

Nikaandamana nao. Jasho lilinitoka hata kwenye nyusi.

Kwa Mama Mapacha palikuwa na cherehani, mapacha, na mkeka.

"Kochi liko wapi?" Muuza Mkaa akauliza.

"Lipo," akasema Mama Mapacha, bila kupepesa. "Nimemwazima jirani. Alikuwa na ugeni." Akainua kidole chake chenye alama za sindano, akakielekeza ng'ambo ya ua. Kwangu.

Haki ya Mungu, nilitamani hata lile shuka jeupe wanifunike mimi.

Wakaingia sebuleni kwangu wote, wakajaa mpaka mlangoni. Kochi likawa pale katikati, jekundu, limetulia, kama bibi harusi asiyejua kwamba posa zimegongana.

"Subirini," Muuza Mkaa akasema. "Hili si ndilo mlilolipitisha juzi kwa mkopo wa huyu?"

"Yanafanana," Mhazini akajaribu.

"Kochi moja, mikopo miwili. Haya. Nani mwingine amewahi kuweka dhamana kochi jekundu? Ainue mkono."

Hakuna mkono uliopanda. Lakini mimi niliona kitu. Wanawake waliotembea juani, wamechoka, wako mbele ya kochi tupu la watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekaa. Wengine walikuwa wameukwepa kabisa upande wa nyuma, wa kushoto.

Wote waliujua ule mguu.

Akiba yetu yote, jasho la mwaka mzima la kijiji kizima, ilikuwa imesimama juu ya miguu mitatu na nusu.

Nilitaka kusema. Mimi ni mtu wa kusema, hata mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa. Lakini nikisema kochi si langu, mkopo unarudi sandukuni na mota inapata mwenyewe. Nikisema ni langu, Mama Mapacha atauliza nililinunua wapi. Nikaanza kuhesabu hatua za kufika mlangoni.

Mhazini ndiye aliyepata suluhisho.

"Lina mito mitatu," akasema. "Mto huu uwe dhamana ya Mama Mapacha. Huu, ya mama wa mashine. Na huu wa tatu..."

"Wa tatu ni wa nani?" Muuza Mkaa akauliza.

"Wa akiba."

Uhasibu niliosoma mimi haukufika huko. Lakini vichwa vilikuwa vimeanza kutikisika kwa kukubali, na mimi nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea mlangoni, gari bado halijapita, pale tuliposikia, "Hodi."

Alikuwa Bibi Kochi, kanga kichwani, macho yamevimba. Nyuma yake mkokoteni. Nyuma ya mkokoteni, Baba Huruma, shati limenyooshwa.

"Wanangu, nisameheni," Bibi akasema. "Nilipougua kifua nilikopa kwa huyu bwana. Nilimwekea kochi. Nimeshindwa kulipa, na leo ndiyo siku yake."

Mwenyekiti akajisahau. Akakaa, upande ule ule aliotukataza. Mguu ukapiga kelele, kochi likainama, naye akazama kwenye kona yake kama gunia lililofunguka, mikono juu, miguu ikitafuta sakafu.

Hakuna aliyecheka. Niliweka akiba yangu ya kucheka kwa siku nyingine.

Baba Huruma akaingia ndani, akatutazama mmoja mmoja, akalitazama kochi, akaelewa. Huyo mtu hakosi akili. Huruma ndiyo hana.

"Kumbe," akasema taratibu. "Kikundi kizima kimelala juu ya kitu changu. Nikikibeba sasa hivi, kila mwenye deni hapa anarudisha pesa leo, au sivyo? Si ndiyo sheria yenu?"

"Ndiyo sheria," Muuza Mkaa akajibu.

"Mimi si mtu mbaya. Naweza kuliacha. Likae hapa, mwendelee kukaguana. Tena bure."

"Bure?" Mhazini akauliza. Neno hilo humfikia hata usingizini.

"Bure. Kwa sharti moja dogo."

Sharti hilo nilikuwa nimeshakutana nalo, wiki iliyopita, mezani kwake. Akanyoosha mkono, kiganja juu. Hakumnyooshea Bibi wala Mwenyekiti. Alininyooshea mimi, na macho yake yalikuwa shingoni kwangu, kwenye kamba.

"Tubadilishane, mama. Kochi libaki, ufunguo uje."

Sijawahi kupendwa na wanawake wengi namna ile kwa wakati mmoja.

"Jirani," Mama Mapacha akanong'ona, "ni ufunguo tu."

"Wafikirie wenzako," Mhazini akasema.

"Kikundi ni kushikana," Mwenyekiti akanena kutoka kule chini alikozama.

"Nishikane nanyi, halafu nisage kwa meno?" nikawauliza. "Mota naipeleka wapi, nikaipike?"

"Utapata hata mwakani, mwanangu," mtu akasema nyuma. Mwakani! Watoto wangu wale ahadi mpaka mwakani.

Mkono mmoja nimeshika ufunguo, mwingine nimeshika leso kifuani. Mbali, barabarani, gari la mjini likapiga honi ya kwanza. Huwa linapiga mbili.

Baba Huruma hakuushusha mkono. "Sina haraka," akasema. "Kijana wangu ameenda kukusanya madeni, atanifuata hapa. Siku hizi anawahi. Nimempatia usafiri."

Usafiri.

Akili yangu, ile ya kwenye fremu, ikaamka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikaiona ile ofisi: meza, kalenda ya mwaka juzi, na kile kilichoegemezwa ukutani.

Nikamgeukia Muuza Mkaa.

"Dada," nikamwambia, "hiyo baiskeli yako iliyoibiwa stoo. Ilikuwa ya rangi gani?"

"Buluu," akajibu. "Ina kichanja nyuma. Nilikichomelea mwenyewe. Kwa nini?"

Baba Huruma akaufunga mkono wake. Mhazini akakiangusha kitana. Muuza Mkaa alinitazama mimi, akamtazama Baba Huruma, kisha akarudi nyuma hatua moja, akasukuma komeo la mlango wangu na kuuegemea kwa mgongo wake mpana.

Gari likapiga honi ya pili.

Na pale kwenye kona, Mwenyekiti, mwenye ufunguo wa stoo, akajaribu kusimama. Kochi likamkatalia.